Baba wa Shule, Baba wa Nyumbani

Heri niuseme ujinga wangu mwenyewe kabla hamjausikia kwa majirani, maana wao huongeza chumvi. Nikiwa darasa la nne nilipewa simu nisome ujumbe wa maneno saba. Sita niliyasoma sawasawa. Moja nililikosea, na kwa siku tatu mama yangu mzazi akawa, katika boma letu, mwanamke aliyebaki Ulaya. Watu waligawana sufuria zake. Mimi nilikuwepo, nikasaidia kubeba.

Tangu hapo jina langu kijijini ni Redio. Vijana wa siku hizi hawajui lilikotoka, wananiita tu: Redio njoo, Redio tuazime jembe, nami naitika. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kama ng'ombe aliyezoea zizi lake, na sijatoka tena. Safari yangu ndefu ni kwenda Kebirigo siku ya soko, na hata huko nikichelewa kidogo roho huanza kudai kiti changu cha jikoni. Kwa hiyo mkiona ninaandika habari za mji wa Ufaransa, msidhani nimefika. Naujua kwa harufu tu.

Harufu yenyewe niliikuta mwezi ule tuliomzika mama. Nilikuwa nikitoa nguo katika sanduku lake la bati, nikagusa kifuko cha kitambaa, kidogo kama kiganja cha mtoto, kimefungwa kwa uzi. Ndani kulikuwa na maua makavu ya zambarau yaliyokwisha kuwa vumbi. Nilipokiminya kikanukia kama sabuni ya wageni iliyopitishwa porini. Nikakaa sakafuni na leso zake mapajani, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nikawa tena darasa la nne, miguu imepasuka kwa baridi, nasubiri watu warudi.

Lakini lazima kwanza niwaeleze kuhusu lile neno, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Sisi Wakisii tuna msiba mmoja katika Kiswahili ambao makabila mengine hayaujui. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mwanamke aliyekuzaa ndiye unayemwita baba. Mwanamume aliyekuzaa ni tata. Mtoto anaondoka nyumbani asubuhi baada ya kupewa uji na baba, anafika shuleni anaambiwa baba ana ndevu. Mwaka ule mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Kakamega, alitupa insha ya jamaa zetu. Mimi nikaandika kwa hati nzuri: "Baba yangu aliolewa kutoka Nyaramba. Anapenda kuvaa leso ya maua." Mwalimu aliisoma mbele ya darasa polepole, akisimama kila nukta kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Watoto walicheka mpaka wakagonga madawati, wakiwemo wale walioandika vilevile na vitabu vyao havijafikiwa.

Siku hiyo nikajitungia kanuni: baba wa shule ana ndevu, baba wa nyumbani ana leso. Niliiweka kichwani pamoja na jedwali la kuzidisha, na sikulikosea tena neno hilo katika mtihani wowote. Humu ndani, ili tusipotezane, baba wa leso nitamwita mama, na mwanamume nitamwita tata.

Tata alikuwa mchongaji. Ujombani kwake ni upande wa Tabaka, kwenye machimbo ya jiwe la sabuni, na huko ndiko alikojifunzia. Alirudi Nyamira na patasi zake, akawa analetewa mawe kwa pikipiki, anayachonga chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba. Watu wa nje walipenda sana sanamu moja: mume na mke waliokumbatiana, wamepindana kama kamba, kichwa kimeegemea kichwa. Tata alichonga mamia ya wapendanao hao. Mama ndiye aliyewapiga msasa, kwenye beseni la maji, mpaka wawe laini kama yai, kisha akawapaka nta. Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa, mwanamume anachonga na mwanamke anasugua, na katika kazi yote hiyo sikuwahi kuona mkono wa tata ukigusa mkono wa mama. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Kwetu watu wazima hawashikani mikono mbele ya watoto, wala mbele ya kuku.

Tata nilimpenda kwa namna isiyo na siri. Mama alikuwa maji, kuni, nawa miguu, umemaliza hesabu? Tata alikuwa likizo. Aliniacha nikae juu ya rundo la mawe nimsimulie habari za shule kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunikata, mavumbi meupe yamemjaa nyusi, na nikimaliza ananipa kinyago cha kiboko, kidogo kama dole gumba. Magokoro, yaani bibi yangu mzaa tata, alikuwa akisema mimi ni mkia wa mwanawe. Alilisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu alitaka wajukuu sita na alikuwa amepewa mkia mmoja tu. Kosa hilo lilikuwa la mama, kama makosa mengine.

Basi bwana mmoja wa mjini Kisii, aliyekuwa akipeleka vinyago ng'ambo, akaja na habari: kuna mji kusini mwa Ufaransa wenye maonyesho ya wachongaji, wanataka mtu wa jiwe letu, na kwa vile kazi hii inafanywa na wawili, aje na mkewe. Waende kwa siku chache, wale, walale, watembezwe mjini, warudi. Mji unaitwa Avignon. Kwetu ulimi hauna haraka na herufi hiyo, ukawa Abinyo.

"Abinyo iko mbele ya Sotik au nyuma yake?" Magokoro aliuliza.

"Mbele kidogo," tata akamjibu, hakutaka kumtisha.

"Na huyu anakwenda kufanya nini? Si mawe yamekwisha kusuguliwa?"

Mama alikuwa amesimama hapohapo, beseni mkononi. Akaenda kumwaga maji ya msasa. Lakini jioni ile nilimwona akijaribu viatu vya kanisani, akitembea navyo kutoka mlangoni hadi kwenye kabati na kurudi, akijiangalia miguu kama ya mtu mwingine. Alipakia unga wa wimbi kilo mbili, kwani hakuwa na imani na chakula cha watu. Tata aliniuliza aniletee nini. Nikamwambia viatu vile vinavyowaka taa kisiginoni ukikanyaga. Mama hakuniuliza. Au aliniuliza na mimi nilikuwa nikiwaza viatu, sina uhakika tena.

Simu ya karibu ilikuwa ya jirani yetu, Mama Bosibori, mjane aliyeshona nguo barazani kwake ng'ambo ya ua. Sisi tulikuwa Wasabato, yeye Mkatoliki, na kila Jumamosi tukienda kanisani tulisikia cherehani yake ikienda mbio kama inayotucheka. Tata alipiga Jumapili. Tulijazana pale barazani, Magokoro, shangazi Kemunto aliyekuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake, na mimi. Tata alikuwa anapiga kelele kana kwamba anatuita kutoka ng'ambo ya bonde. Akasema wanalala karibu na Jumba la Mapapa. Akasema kuna daraja kubwa la mawe linaloingia mtoni na kukatika katikati. Simu ikafa.

Papa niliyemjua mimi alikuwa kwenye kitabu cha shule, ana meno safu mbili. Mama Bosibori alijaribu kutueleza kwamba huko ndiko Mababa Watakatifu walikoishi zamani, ndio hao Mapapa, lakini Mababa Watakatifu kwa masikio yangu walikuwa akina mama wa kanisani, jambo lililozidi kuharibu picha. Niliondoka pale na mji kamili kichwani: jumba lililojaa samaki wakubwa, wanawake watakatifu wakiwalisha, na mbele yake daraja ambalo ukilitembea bila kuangalia linakuishia chini ya miguu.

Jumanne nikitoka shule Mama Bosibori akaniita. Macho yake hayakuona tena maandishi madogo, aliweza kutunga uzi kwa kupapasa tu.

"Mwanangu, simu imetetemeka kama mende. Hebu soma."

Namba ilikuwa ndefu, ilianza na alama ya kujumlisha. Hakukuwa na jina. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu Ekegusii sisi hukisema, hatukiandiki. Mtu akishika kalamu mkono unahamia Kiswahili wenyewe. Yalisema hivi: "Baba amebaki huku. Mimi narudi Ijumaa. Msitangaze."

Nililisoma hilo la mwisho kwa sauti iliyofika barabarani.

Kisha nikakimbia nyumbani kumtafsiria Magokoro, naye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Niliyageuza maneno yote vizuri, moja baada ya jingine. Amebaki, huku, mimi, narudi. Lile la kwanza halikuhitaji kugeuzwa. Lilivuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuvua viatu, likaingia nyumbani kwetu likiwa limevaa leso. Baba amebaki. Mimi narudi. Nani mwingine angeandika kwa simu kama si tata? Mama hakuwahi kushika simu isipokuwa kumpelekea mwenyewe.

Magokoro aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nilijua," akasema. "Wanawake wa Nyaramba wana macho ya mbali." Akachambua mengine mawili matatu. "Lakini mwanangu anarudi."

"Anarudi Ijumaa," nikasema.

"Basi asikute nyumba imelala."

Sikuona mtu akilia. Nadhani nililia mimi kidogo, kwa ajili ya wale papa, nikimwona mama amesimama mwisho wa daraja na viatu vya kanisani. Halafu nikamuuliza shangazi kama tata atakuja na viatu vyangu au vimebaki na mama. Shangazi Kemunto akaniangalia, akacheka puani. "Huyu hata hana habari."

Alfajiri ya Jumatano shangazi alifungua jiko la mama. Alisema vyombo vikikaa bure hushika kutu. Sufuria tatu zikahamia kwake, na kinu, na ungo mpya. Leso mbili Magokoro akajifunga, moja juu ya nyingine, akasema ni za kuombolezea. Beseni la msasa likawa la kunyweshea ndama. Mimi nilibeba sufuria ndogo kichwani, najiona mtu wa maana, na kila aliyepita njiani nikamweleza: baba amebaki Abinyo. Kufikia Alhamisi habari ilikuwa Kebirigo. Kwa kina mama wanaouza uji wa buyu sokoni nilikuwa mtoto maskini, wananipa ndizi. Nilizila.

Ijumaa ni siku ya mbio katika nyumba ya Msabato, kila kitu kipikwe kabla jua halijatua. Magokoro alichinja kuku mweupe, kuku wa mama, wa kutaga. Akaoga, akakaa kwenye kigoda akitazama barabara. Mimi nikakaa karibu naye, miguu nimeisugua kwa jiwe hadi ikatoa damu, ili viatu viingie.

Jua lilikuwa limebaki upana wa vidole vitatu juu ya mlima tulipomwona mtu akishuka kati ya mashamba ya chai. Alikuwa na mfuko mdogo begani, na mfuko mwingine mzito mkononi uliomvuta upande mmoja. Alitembea polepole. Alikuwa mama.

Magokoro alitazama nyuma yake. Shangazi akatoka jikoni, akatazama nyuma yake. Nami nikatazama nyuma yake. Mama aliona macho yetu yote matatu yakimpita, akageuka pia kuangalia, kana kwamba huenda kweli kuna mtu.

"Bwairire," akasema, salamu ya jioni.

"Mwanangu yuko wapi?" Magokoro akauliza.

"Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Kwamba amebaki. Niliomba simu ya mkalimani, nikaandika. Hamkupata?"

Mama Bosibori alikuwa amekwisha kuvuka ua, simu mkononi, sindano bado mdomoni. Mama akaichukua, akautafuta ujumbe, akanipa mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, uso umekauka, midomo imechanika kwa baridi.

"Soma vile ulivyowasomea."

Nikasoma. Neno la kwanza lilipotoka mdomoni nikalisikia limeota ndevu. Yale mengine sita niliyamaliza kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

Ndipo mama akaona leso zake mwilini mwa Magokoro. Akaona jiko lake liko wazi na ndama anakunywa kwenye beseni. Alitazama kila kitu kwa mpango, kama anayehesabu watoto. Akamuuliza shangazi, kwa upole kabisa, "Na huyu mtoto, mlipomwambia mimi nimebaki, alisemaje?"

"Yeye ndiye aliyetuambia," shangazi akasema. "Aliuliza viatu."

Mama alitazama miguu yangu. "Kweli anahitaji viatu," akasema. "Imepasuka."

Magokoro alikuwa ametoka kwenye kigoda, ameketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama waketivyo wanawake matangani. "Umemwacha," akasema.

"Ni yeye aliyeniacha."

"Mwanamume haachi boma lake. Umemwacha."

Jua likatua, Sabato ikaingia, na siku ya Sabato watu hawagombani. Kuku aliliwa bila mtu kuuliza ni wa nani. Mimi nilirudisha sufuria moja moja, njia ileile, nikaona ni nzito kuliko zilivyokuwa zikienda. Ile kubwa shangazi alisema itafuata, na haikufuata. Asubuhi mama alinipa kile kifuko cha maua. Ndicho alichoniletea, kisha akanitunzia sandukuni mwake. Shangazi alidhani ni majani ya chai ya Ulaya, akaiba kidogo akayatia kwenye maji moto ya chupa, tukanywa sote kwa heshima, na kanisani siku ile familia nzima ilikuwa inapiga mbweu za sabuni. Nataka mcheke hapo, kwa sababu baada ya hapo hamna tena pa kuchekea.

Ule mfuko mzito ulikuwa na patasi za tata. Alikuwa ameziacha kitandani kwenye chumba walicholala, akachukua pasipoti na koti. Mama alizibeba tangu huko. Kila mvua za masika zikija alizitoa, akazipaka mafuta zisiliwe na kutu, akazifunga tena. Bwana wa mjini alituletea habari mara mbili: kwanza kwamba tata anachuma zabibu, halafu, baada ya mwaka hivi, kwamba ana mtoto. Hakuja tena na habari, na mama hakumtafuta. Ulifika mwaka mvua zikanyesha na patasi hazikutolewa.

Habari za mji wenyewe alinisimulia mara moja tu, nikiwa nimemaliza shule. Tulikuwa tumejikinga mvua kwenye banda la kupimia chai, vikapu mgongoni, hakuna mtu mwingine. Alianza bila mimi kumuuliza.

Alisema kuna upepo huko unaovuma siku nzima bila mvua, upepo mkavu wa ubishi, siku ya kwanza tu ulimnyang'anya kitambaa cha kichwa akakiona kikipaa juu ya ukuta. Mji wote umezungushiwa ukuta wa mawe, wenye malango, kama boma la mtu mmoja tajiri. Asubuhi walikaa kwenye maonyesho, tata akichonga na yeye akisugua, watu wamesimama kuwatazama mikono. Mchana waliachiwa. Wakawa wanatembea. Walizunguka ukuta ule kwa ndani, wakauzunguka kwa nje. Waliingia katika hilo Jumba la Mapapa, vyumba vikubwa kuliko kanisa, vitupu, baridi imekaa kama mwenye nyumba. Walikula mikate migumu juu ya ngazi. Unga wa wimbi hakupata pa kuupika, akampa mwenye nyumba zawadi, naye akadhani ni wa kupaka usoni.

"Siku ya pili," mama akasema, "alinishika mkono."

Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua kwenye mabati.

"Njiani, mchana, watu wakituona. Nikautoa, nikafikiri amejikwaa. Akaushika tena. Tukatembea hivyo siku tatu, kama watoto wa nasari. Alikuwa akiniuliza vitu. Miguu inaniuma? Nimeona lile dirisha? Miaka kumi na miwili hakuwahi kuniuliza kama miguu inaniuma. Nikasema moyoni, kumbe mtu huyu alikuwa humu ndani wakati wote, alikuwa anahitaji tu mahali pasipo na watu wa kwao. Nikapanga tukirudi nitafanya nini. Nilipanga hata kumwambia tuhamie Kenyenya, mbali kidogo na mama yake."

Alicheka, kikapu kikatikisika mgongoni.

Siku ya nne walikwenda kwenye daraja. Ni kweli linakatika. Linatoka ukingoni vizuri, matao manne, halafu hakuna kitu, mto unapita. Upepo ulikuwa mkali. Tata akamwambia angoje pale langoni, ashike mifuko, yeye akaone mwisho wake.

"Nikamwambia, mwisho wake si ule unaonekana? Akasema, hata hivyo. Akaniachia mkono."

Alingoja mpaka walipofunga lango. Mtu wa pale alimwonyesha kwa ishara kwamba daraja ni tupu, wote wamekwisha kutoka. Kumbe alikuwa ametoka pamoja na kundi la wageni, upande uleule, nyuma ya mgongo wake, mama anakodolea macho mtoni. Watu wa maonyesho walimtafuta kesho yake yote. Waliongea kwa lugha yao, wakamtazama mama kwa huruma, na huruma haina haja ya mkalimani.

"Zile siku tatu," mama akasema, "alikuwa ananiaga. Mimi nikadhani ananioa."

Mvua ikapungua, akapandisha kikapu, tukaenda kupimiwa chai. Hakurudia tena. Kisa alichopenda kukirudia mbele ya watu ni kile changu. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu Redio wangu aliniacha Ulaya kwa ajili ya neno baba," nao wakacheka, kila Mkisii ana insha yake ya kuchekesha ya namna hiyo, nami nikacheka, mama akanipiga bega. Magokoro alikufa akimwita mama yule mwanamke aliyemwacha mwanawe. Shangazi akaolewa tena, akaenda na sufuria yetu. Tukabaki wawili, mama na mkia wa mtu ambaye hayupo. Nilijiambia niliacha kutoka nyumbani kwa sababu yake, asibaki peke yake, na watu walinisifu. Alipougua nilimlisha kwa kijiko miezi minane. Siku za mwisho alikuwa akinitazama sana, bila kusema, nami nikawa ninamrekebishia mto.

Juzi nilipofika hapa katika kuandika nilivuka ua na karatasi zangu kwenda kwa Mama Bosibori. Ni mzee sasa, haoni kabisa, cherehani amempa mjukuu. Wanaonijua wanajua siwezi kuwa na karatasi nisiisome kwa sauti. Nilimsomea yote, kuanzia ujinga wangu, na insha, na ndevu na leso. Alicheka palipostahili, kwenye chai ya sabuni alicheka hadi akashika mbavu. Nilipomaliza akawa anapapasa pindo la nguo yake kana kwamba kuna uzi umetoka. Nikamuuliza kama nimeliweka vizuri lile kosa la lugha, watu wasio Wakisii wataelewa.

"Siku ile nilikuuliza ni baba yupi," akasema, "ukanijibu wa leso kabla sijamaliza kuuliza. Hukukosea, mwanangu, ulichagua. Na mama yako aliporudi alikuja akaniuliza, nikamwambia hivyohivyo."